Mimi, Mkaazi wa Bovu

Msiba wangu ulianzia kwenye daftari la mlangoni. Siku ya kwanza ya atachi niliulizwa ninakoishi, nikasema Bofu. Madam, mkuu wa chumba cha nyaraka, mama wa bara mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni na moja utosini, akainama akaandika kwa penseli, kwa hati nzuri ya mwalimu wa darasa la kwanza: Bovu.

"Madam, ni Bofu. Kwa efu. Likoni, ng'ambo ya maji."

Akatazama daftari, akanitazama mimi, akarudi kwenye daftari. Akaniambia kilichokwisha kuandikwa humo ni rekodi, na rekodi haifutwi.

"Lakini si umeandika kwa penseli?"

"Hapa penseli ndiyo wino," akasema, akalifunga.

Basi. Miaka mia ijayo mtafiti atalifungua daftari lile asome kwamba palikuwa na kijana aliyekuwa akija kazini kila asubuhi kutoka mahali palipooza. Jirani zetu wa Shika Adabu, jina lao angalau lina nasaha. Letu sasa lina harufu.

Nieleze nilivyofika huko. Kozi ya ukutubi na usimamizi wa rekodi haitimii bila atachi ya wiki kumi na mbili. Wenzangu walijipanga mapema. Wa kompyuta walikwenda bandarini. Wa hoteli walikwenda Diani, wakawa wananitumia picha za kamba wa kukaanga waliobakishwa na wageni. Mimi niliandika barua kumi na moja, ikajibiwa moja, na chumba chenyewe kikawa ghorofa ya chini ya chuo kikuu fulani: ukishapita vyoo, kata kushoto. Jina la chuo silitaji. Bado hawajanitilia sahihi.

Kazi ngumu ilikuwa kuwaeleza watu wa nyumbani. Neno la vitabuni ni "makavazi", neno zuri, ila halijavuka feri. Bibi alilisikia mara moja akaweka kikombe chini.

"Makaburini? Umesoma miaka yote hiyo wende ukachimbe makaburi?"

"Makavazi, bibi. Mahali pa kuwekea karatasi za zamani."

"Za watu waliokufa?"

Nikafikiri kidogo. "Wengi wao, ndiyo."

"Si ndilo nililosema," akajibu, akakinyanyua kikombe chake. Tangu siku hiyo wageni wakimwuliza mjukuu wake yuko wapi, huwaambia: "Yuwasomea vumbi."

Binamu yangu aliyewahi kukaa Nairobi alijaribu kunitetea. Alisema Archives anapajua, na Nairobi nzima yapajua: pale Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, ndipo watu wanapongojeana. Yeye mwenyewe alimngoja msichana pale saa mbili nzima na msichana hakutokea. Nikamwuliza kama aliwahi kuingia ndani. "Kwani ndani kuna nini?" Ndani kuna Nyaraka za Taifa, zilizotungiwa sheria yake mwaka 1965, katika jengo lililokuwa benki, pamoja na hazina ya sanaa aliyokusanya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi hii. Taifa zima limegeuza kumbukumbu zake kuwa kivuli cha kungojea wapenzi wasiokuja.

Halafu kuna kufika. Mtu wa kisiwani akichelewa husema alilala. Mtu wa Likoni hana haja ya kujieleza, hutazamwa shati tu. Natoka Bofu kungali giza, matatu hadi kivukoni, kisha nateremka na umati pale mteremkoni, baiskeli ya mikate ubavuni, mkokoteni nyuma ya visigino, na mbele yangu mama mwenye ndoo ya samaki anayegeuka kila mara kunitazama kana kwamba anayenuka ni mimi. Feri kwa mwenye miguu ni bure. Watu wa bara wakisikia hivyo hutuonea wivu. Waje. Utaingia na shati lako, utatoka na shati la kila mtu.

Kwa hiyo nikifika kwa Madam jambo la kwanza ni kunawa mikono. Mimi siku ile ya kwanza nilikwenda na glavu, nyeupe, mpya, nilizinunua Kongowea, kwa sababu katika filamu kila anayegusa karatasi kongwe huvaa glavu nyeupe na kushusha sauti. Madam alizishika kwa vidole viwili kama mkia wa panya. Akanieleza kwamba glavu huviziba vidole hisia, na vidole visivyohisi ndivyo vinavyochana kurasa. Karatasi hushikwa kwa mikono iliyonawa ikakauka. Glavu ni za kushikia picha. Picha tulikuwa nazo sita.

Mikono iliyokauka! Mombasa hii, ambako chumvi haimwagiki kwenye chupa na kitambulisho hutoka jasho mfukoni! Chumba kilikuwa na mashine ya kukausha hewa, inayovuta unyevu na kuutiririsha kwenye ndoo, na kwa wiki nzima cheo changu kilikuwa kumwaga ile ndoo. Nilikwenda kusoma historia nikawa mchota maji ya hewani. Stima ikipotea usiku, asubuhi tunakuta majalada yameota koga kama mkate wa juzi, na wale wadudu weupe wembamba wakimbiao kama samaki wamo ndani, wanasoma kwa kutafuna.

Wiki ya pili nikapewa sanduku. Ndani mlikuwa na barua, stakabadhi na mihtasari ya vikao, vyote shaghalabaghala: barua ya 1978 juu ya barua ya 1983, risiti ya rangi ya ukuta katikati ya orodha ya wanafunzi. Nikasema leo Madam atanijua. Siku tatu nilikaa sakafuni nikazipanga kwa tarehe, mwaka kwa mwaka, mwezi kwa mwezi, na ile isiyokuwa na tarehe nikaikisia kwa ukongwe wa karatasi. Nikamwita. Akasimama mlangoni, akashusha miwani ya utosini juu ya ile ya machoni.

"Ulizikuta hivi?"

"La, Madam. Nilizikuta ovyo ovyo."

"Ovyo wa nani?"

Nikanyamaza. Kumbe karani aliyeziweka vile, aliyekwisha kustaafu au kufa, alikuwa na lake. Risiti ya rangi ilikaa na orodha ya wanafunzi kwa sababu wanafunzi hao ndio waliopaka ukuta. Ukizitenganisha, umeua habari. Madam akasema hiyo ndiyo amri kubwa ya kazi hii, Wafaransa na Wajerumani waliitunga karne ya 19 na dunia yote inaifuata: usipange alichokwisha kupanga mwenzio.

"Zirudishe."

Jaribu wewe. Kupanga ni siku tatu, kuvuruga kwa usahihi ni siku tisa. Nilinusurika kwa sababu kabla ya kuanza nilikuwa nimepiga sanduku picha kwa simu, ili binamu aone mateso yangu, na ukiikuza picha unaona kingo za karatasi. Ndivyo nilivyosoma kila kilichomo, ukingo kwa ukingo.

Na kilichomo ni mapazia. Majalada manne. Kikao kilikaa kujadili mapazia ya ukumbi, kikaunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, kamati ndogo ikaenda dukani ikarudi na vipande vitatu vya kitambaa (vimo, vimebanwa kwa pini yenye kutu, kazi yangu ilikuwa kuing'oa ile pini bila kuing'oa karatasi), kikao kikaahirishwa kwa kuwa mwenyekiti hakupenda kijani. Nani alikuwepo, nani alitoa udhuru, chai ilitolewa saa ngapi. Najua mengi zaidi kuhusu mapazia yale kuliko ninavyojua kuhusu babu yangu mzaa baba.

Huku Bofu habari zikawa zimeenea. Si kwamba nasomea vumbi, bali kwamba nafanya kazi kunakowekwa karatasi za zamani. Kwa mtu wa Likoni karatasi ya zamani ni moja tu: ya shamba. Nikirudi jioni nakuta watu barazani wamekaa kama kwa mganga. Mzee mmoja amekuja na risiti ya kodi ya kichwa ya babu yake, imekunjwa mara nane, mikunjo imeshageuka matundu. Mwingine hana karatasi, ana mwembe: "Ule mwembe waujua? Alipanda nyanya yangu. Basi nitafutie." Niliwaambia tuna mapazia. Hawakuamini. Mmoja akaninong'oneza kama ni chai nataka, niseme.

Nawaelewa. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi hapa pwani: mwenye shamba ajitokeze adai, na lisilodaiwa likahesabiwa mali ya Taji la Uingereza. Babu zetu wengi hawakujua kwamba chini ya mwembe wako mwenyewe yapasa uende ofisini ukajitambulishe. Hesabu ile bado inadaiwa. Juzi juzi tu, 2016, ndipo maskwota wa shamba la Waitiki, ekari 930 hapa hapa Likoni, walipoanza kupewa hati. Kwa hiyo kijana wa Bofu akisema ana funguo za chumba cha karatasi, na asiseme kilichomo ni vipande vya kitambaa.

Nikampelekea Madam malalamiko ya baraza. Hakucheka. Alinimiminia chai, nje, mbali na majalada, akaniuliza kama nawajua waliozibeba hizo karatasi. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza ilipokuwa ikiendelea huko London, ndipo serikali hiyo ilipokiri kwamba inaweka majalada ya makoloni yake ya zamani katika jumba la Hanslope Park. Ya Kenya peke yake ni kama 1,500, masanduku 300, yaliyoondolewa kabla bendera haijashushwa Desemba 1963. Na hayo ndiyo yaliyosalimika. Mengine yalichomwa, na agizo lilitoka kwamba hata majivu yavunjwevunjwe. Ya kutoswa yatiwe kwenye makasha mazito, yakazamishwe mbali na pwani, kwenye kina kisichokuwa na mkondo. Wenye kuyachoma waliijua thamani ya karatasi kuliko mlinzi wetu wa zamu ya usiku, aliyekuwa akipepea jiko lake kwa jalada.

Tangu siku hiyo nikivuka feri huchungulia majini. Mkondo wa Likoni una nguvu, kwa hiyo wakifuata agizo hapa hawakutosa. Lakini huchungulia.

Hata zilizobaki Nairobi zilipigwa picha kwenye filamu, na nakala zikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kwenye theluji, ambako sidhani kuna mwanafunzi wa atachi anayemwaga ndoo.

Kidogo nitoroke. Nilikuwa nimeshaandaa udhuru wa tumbo. Kisha wiki ya saba likaletwa sanduku kutoka kwa ukoo mmoja wa mjini, na ndani yake mna karatasi moja ambayo aliyetangulia kuorodhesha aliiandikia: Kiarabu, maudhui hayajulikani. Nikaitazama. Herufi za Kiarabu, kweli, lakini nilipoanza kuzitamka moja moja kama nilivyochapwa katika chuo cha Kurani utotoni, sikio likashtuka. Kilikuwa Kiswahili. Cha hapa. Cha kina bibi.

Usidhani ni rahisi. Hati ile ya zamani haina huruma: p yaweza kuvaa nguo ya b, v ikavaa nguo ya f, o na u zikaketi kiti kimoja, na aliyeandika huwa na haraka hata alama za irabu hatii zote. Unasoma neno mara tano, kila mara linakuwa jingine. Siku mbili nilipambana nayo. Barua ilianza kwa salamu, na salamu zikaendelea: kwa jenabu ndugu mpenzi, Mungu amzidishie, sisi wazima, wana wazima, wasalimie waliopo na wasiokuwepo, nusu ukurasa mzima wa afya. Halafu, ama baada ya salamu, mistari miwili: sufuria ya shaba mliyoazima kwa harusi imefika, mfuniko wake haukufika. Wasalamu.

Nilicheka hadi Madam akaja na jozi zote mbili za miwani.

Kuitoa barua hakukubaliwi, wala sikuthubutu. Niliinakili kwa penseli kwenye fulskepu, nikaivusha maji, nikamsomea bibi usiku. Alisikiza akiwa ameshika tama. Nikamaliza.

"Enhe?"

"Ndiyo mwisho, bibi."

"Na mfuniko alirudishiwa?"

"Haijulikani. Jibu halimo."

"Halimo vipi? Nyinyi mwaketi huko siku kutwa mwafanya n'ni?" Akavuta kanga, akaanza kuhesabu nyumba zote anazozijua kuanzia Mtongwe hadi Mji wa Kale zenye mfuniko wa shaba usiokuwa na sufuria. Alipata tatu. Wiki nzima baraza yetu haikuzungumza hati za shamba, ilizungumza mfuniko. Mzee wa risiti ya kodi akala kiapo kwamba ukoo anaoujua yeye una tabia hiyo hiyo mpaka leo, hata sinia haurudishi. Majalada manne ya mapazia, sijaona mtu akiyaulizia hata salamu.

Nikamsimulia Madam, naye akanitajia jina lililonifurahisha mwezi mzima. Mashairi ya Muyaka bin Haji, Mmvita aliyefariki 1840, yangalipotea mengi kama si mtu wa Mombasa aliyemwandikia kasisi William Taylor yaliyokuwa vinywani mwa watu. Mtu huyo akiitwa Mwalimu Sikujua. Mjuzi wa mji mzima, jina lake Sikujua! Karatasi za Taylor leo ziko chuo cha SOAS, London, na diwani ikaja kuchapwa na William Hichens mwaka 1940, huko Johannesburg. Shairi la kumjibu mtu wa mtaa wa pili limepitia London na Johannesburg ndipo likavuka tena Makupa. Na sisi twalalamikia foleni ya feri.

Sasa sikiza heshima niliyopewa. Madam alitoa kadi mpya, safi, akanipa penseli, akasema mimi ndiye niliyeisoma, mimi ndiye nitakayeandika maelezo. Nikaandika: Barua, Kiswahili kwa hati za Kiarabu, haina tarehe, yahusu mfuniko wa sufuria. Chini yake nikatakiwa nijitambulishe. Nikaandika jina na Bofu.

"Hapana," akasema. "Lazima lilingane na rekodi iliyopo."

Nikafuta efu kwa mkono wangu. Sikubisha sana, kwa sababu siku mbili za ile barua zilikuwa zimenifundisha jambo ambalo sikumwambia yeye: kwa hati ile ya zamani, Bofu na bovu huandikika sawasawa. Mwalimu Sikujua mwenyewe angetuandika vivyo hivyo, na hakuna ambaye angekwenda kumwambia ni kwa efu.

Ningeishia hapo nikiwa nimeshinda, lakini kuna shangazi.

Shangazi anauza bajia na viazi karai hapa njia panda, na mfungio wake ni karatasi yoyote iliyolala. Magazeti, mitihani ya watoto, kadi za harusi zilizopita tarehe. Bofu nzima tumeelimishwa na shangazi: mimi jiografia ya darasa la sita niliimalizia kwenye viazi. Wiki iliyopita niliacha ripoti yangu ya atachi kitandani, fulskepu kumi na nne, pamoja na nakala ya ile barua. Sikuzitia namba. Nilikuwa nimeshazoea kutoandika juu ya karatasi.

Nilirudi jioni nikakuta foleni ya bajia na mtoto wa jirani amesimama chini ya taa ya barabarani, mdomo una pilipili, anasoma kwa sauti: "Kikao kiliahirishwa kwa kuwa mwenyekiti hakupenda kijani."

"Shangazi!"

"Zilikuwa hazina mpango," akasema bila kugeuka, mkono mmoja kwenye karai, na mkono huo umevaa glavu nyeupe. "Nikajua umetupa."

Nimezunguka siku nne. Kurasa tisa nimezipata, mbili ndani ya jalala la taka nyuma ya kinyozi, moja nimeuziwa kwa shilingi kumi na mtu niliyesoma naye. Nakala ya barua ya mfuniko anayo bibi, aliinunua na bajia ndani, na hairudishi mpaka aletewe jibu. Mwalimu msimamizi anakuja Alhamisi. Kwa hiyo yeyote aliyekula bajia za shilingi ishirini Jumanne magharibi, njia panda ya Bofu, karatasi yake ikiwa na mwandiko wa penseli, aniletee hata kama imelowa mafuta. Na kama una mbili, tafadhali, usizipange.